Mganga wa kurasa nane

Swali: Assalaam alaykum, mwalimu. Mimi ni kijana wa Wete. Tuko watano, tunakutana kila Alhamisi baada ya Isha kucheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambao kila mmoja humwigiza mhusika wake wa kubuni) kwa zile kanuni za bure za 2014, mmoja wetu ndiye msimulizi, anayeeleza yanayotokea. Mhusika wangu ni mganga wa kisiwa cha kubuni kinachofanana na Pemba. Nimemwandikia historia ya kurasa nane, nimeziambatanisha. Lakini tukikaa kucheza namsahau kabisa. Najikuta nasema kama mimi mwenyewe, na wenzangu wanasema mganga wangu hana tofauti na mpiganaji niliyekuwa nacheza naye mwanzo. Dadu nazo zilinionea: kwa zile sifa sita za mhusika nilipata 16, 13, 12, 11, 9 na 7, na ile 7 nimeitupa kwenye nguvu. Tena mwenzetu mmoja hataki kusikia habari za uganga mezani. Nimtupe nianze upya, au kuna namna ya kumkuza?

Jibu: Waalaykum salaam, mdogo wangu. Usimtupe mganga. Zitoe mezani kurasa saba, ubaki na moja.

Nimezisoma zote. Una mkono wa kuandika, hasa pale babu anapozikwa pembeni ya kaburi la mnara. Nimeona umelitoa Ras Mkumbuu, na ndivyo inavyotakiwa, mtu achote kwao. Lakini kila kilichomo humo kimeshakwisha. Vita vimepiganwa, babu kafa, mwalimu wake kafa, kijiji kimeungua. Sasa Alhamisi usiku msimulizi anakugeukia na swali lile lile analomuuliza kila mtu: "Wewe unafanya nini?" Hakuna mstari hata mmoja katika kurasa nane unaolijibu. Kwa hiyo unajijibia mwenyewe, kwa akili ya kijana wa Wete aliyekwisha kula chakula chake cha usiku na anataka zimwi lipigwe upesi, mchezo uendelee.

Si kosa lako peke yako, karibu kila anayeanza hupita hapo. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu Marekani mwaka 1974, walikuwa wametokea kwenye michezo ya vita ya mezani, ambamo mchezaji mmoja huamrisha jeshi zima la sanamu. Geni walilolileta ni kumpa kila mchezaji mtu mmoja. Aina za wahusika zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Historia ya maisha hakuna aliyeiuliza. Ulirusha dadu, ukatafuta jina, ukashuka pangoni, na ukitoka mzima basi historia yako ni hiyo ya pangoni. Sikwambii urudi huko. Ila ujue kwamba mhusika anaweza kuishi bila ya kurasa, hawezi kuishi bila ya jambo linalomsumbua leo.

Na jambo hilo umeliandika mwenyewe, kisha ukalipita. Ukurasa wa tano, mstari wa tatu kutoka chini: "Baba yake aliweka shamba rehani." Basi, umerudi vitani. Mimi nilipofika hapo nilisimama. Wewe ni mtu wa Pemba, huhitaji kuelezwa na mtu wa Mjini shamba la mikarafuu lililowekwa rehani maana yake nini. Waulize wazee wa hapo Wete kuhusu nyumba zilizofarakana kwa sababu hiyo. Msimu unafika, wachumaji wa mtu mwingine wanapanda miti aliyoipanda baba yako, karafuu zinaanikwa kwenye majamvi yasiyokuwa yako, na harufu inakufuata mpaka ndani. Huyo ndiye mganga wako. Mpe deni lenye kiasi, mdai na siku: dinari 300, kwa tajiri wa bandarini, kabla ya kusi kuingia. Upepo ukigeuka na deni halijalipwa, shamba limekwenda.

Hebu sasa mrudishe pangoni na swali ni lile lile. Wenzako wamekuta maiti ya askari, kidoleni ana pete ya dhahabu. Zamani ungesema, "Tunaipekua, tunagawana." Mganga mwenye deni la dinari 300 anaitazama pete vingine. Labda anaificha. Labda anataka kuificha na mpiganaji kamwona. Labda anajitolea kumwosha maiti peke yake, na kila mtu mezani anajua kwa nini. Huhitaji kumkumbuka mganga hapo, deni linakukumbusha.

Lakini deni peke yake litakupa mtu mwenye tamaa tu, na wa aina hiyo ni wengi kwenye michezo hii. Ndiyo nikaja kwenye mwiko, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wewe umechagua mganga na bado hukumpa hata mmoja! Mganga wa kwetu hana nguvu za bure. Ana miiko ya chakula, ya siku, ya namna ya kupokea, na akiivunja dawa inalala. Shujaa wetu wa pwani, Fumo Liyongo, hakuna silaha iliyomwingia, isipokuwa sindano ya shaba akichomwa kitovuni. Nguvu zake zote zile, mtu husahau alimpiga nani na wapi, lakini kitovu na sindano hakuna anayevisahau, wala kwamba mwenye kuichoma alikuwa mwanawe. Kanuni mnazotumia, za 2014, zinalijua jambo hili kwa njia yao. Zinakutaka uandike tabia ya mhusika, analoliamini, anachofungamana nacho na dosari yake. Watu wengi hujaza sehemu ya dosari kwa kuandika "ana hasira" au "hapendi wafalme", na kila wakikaa kucheza hakuna aliyewahi kuiona hasira yenyewe.

Siri ya mwiko mzuri ni kwamba ugongane na deni. Wako ningeuandika hivi: hapokei malipo mpaka mgonjwa asimame kwa miguu yake. Akipokea kabla, uganga wake haufanyi kazi mpaka kupambazuke. Kubaliana na msimulizi kabisa, msiuache hewani. Halafu ona kinachotokea.

Usiku, mvua inanyesha, nahodha anabisha hodi. Msimulizi anasema: "Anaweka mkoba mbele yako, dinari 100. Mtoto wake anatapika damu. Anakwambia, chukua kabisa, mie nang'oa nanga alfajiri, sitarudi tena bandari hii."

Theluthi ya deni iko juu ya jamvi. Mtoto anaweza asisimame kabla ya alfajiri. Wenzako wanne wamenyamaza wanakutazama, na hakuna hata mmoja anayeuliza mganga wako ana tofauti gani na mpiganaji. Mimi nilipokuwa nikiandika mstari huu nilifikiria ningefanya nini: ningeusogeza mkoba kwa kidole kimoja mpaka mbele ya mpiganaji, nikasema, "Huyu si mganga." Sasa msimulizi ana kazi. Je, mwiko umevunjika au haukuvunjika? Mtabishana, na mabishano hayo ndiyo mchezo wenyewe.

Msimulizi naye akulipe. Katika kanuni mnazotumia, mchezaji akiiachia dosari yake imuumize, msimulizi anaweza kumpa fursa ya kurusha dadu ya pande 20 mara mbili kwa jambo moja baadaye na kuchukua namba kubwa. Mchezo mwingine uitwao Fate umelifanya jambo hilo kuwa uti wake wa mgongo: tatizo la mhusika likimletea balaa, anapokea alama ya kuja kuitumia mbele. Mwonyeshe msimulizi wenu, atapenda.

Twende kwenye namba, maana hapa umelalamika bila ya sababu. Kurusha dadu nne za pande sita na kuondoa ndogo hukupa wastani wa kama 12 kwa kila sifa. Wako unazidi 11. Uko chini kidogo tu, hukuonewa. Kosa liko kwenye ile 7. Umeiweka kwenye nguvu ukaandika pembeni, "mganga habebi mizigo." Ndiyo, habebi, kwa hiyo 7 hiyo haitaonekana mwaka mzima. Namba mbovu iweke pale itakapouma mara kwa mara.

Kwanza lakini mtoe kwenye kundi la wachawi ulikomwandika. Mchawi wa mchezo huu ni msomi wa vitabu, uchawi wake unasimama juu ya akili. Mganga wako anachimba mizizi na kuchemsha majani, huyo ni druidi, na druidi anasimama juu ya busara. (Angekuwa amefunga mkataba na kiumbe cha kumpa nguvu, ningekupeleka kwa waloki, ambao wanategemea haiba. Lakini kwa sababu ya yule mwenzenu, na nitafika kwake, huko tusiende.) Basi 16 iende kwenye busara, 13 kwenye ustahimilivu, 12 akili, 11 wepesi, 9 nguvu, na 7 kwenye haiba.

Haiba 7! Mganga anayejua dawa na hawezi kumshawishi mgonjwa kuinywa. Tazama hesabu. Kumtibu mtu kwa ugumu wa 15, yaani dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza zifike 15, una nyongeza ya 3 kwa busara na 2 kwa ujuzi wa tiba, kama umeuchagua. Unahitaji dadu ionyeshe 10 au zaidi, ni nafasi 55 kwa 100. Kumshawishi mama mtu akuachie mtoto, ugumu huo huo wa 15, haiba 7 inakupa hasi 2, unahitaji 17 au zaidi, nafasi 20 kwa 100. Kwa hiyo mara nyingi utakuwa unajua la kufanya na mlango umefungwa mbele yako. Utahitaji mwenzako mwenye ulimi akusemee, na huyo mwenye ulimi atakuwa na nguvu juu yako. Namba moja imeshakupa adabu, aibu na rafiki. Ile 7 ya nguvu ingekupa nini, kushindwa kubeba polo la mchele?

Neno la pembeni: kuna nyumba huku kwetu ambazo dadu haziingii hata kama hakuna kamari, na mwenye nyumba ndiye mwenye neno lake. Kwenye sifa hamna haja ya dadu, kanuni zenyewe zinakupa orodha tayari: 15, 14, 13, 12, 10 na 8, unazipanga upendavyo. Na wakati wa kucheza, karatasi ishirini zenye namba ndani ya kikapu, unatoa moja na kuirudisha, zinafanya kazi ile ile.

Sasa jamaa zake. Umewaua wote, bwana! Baba, mama, babu, dada, mwalimu, mpaka jirani. Najua unakolitoa, mashujaa wa michezo hii wengi ni yatima wasiokuwa na mtu, wanakaa kwenye kona yenye giza na kofia usoni. Kwenye visiwa vyetu mtu kama huyo yuko wapi? Hata mtu mzima kabisa akifika kijiji asichokijua, haimalizi nusu saa kabla hajaulizwa ni wa kwa nani, na baada ya hapo atapatikana mtu aliyesoma chuoni na mjomba wake. Jamaa ndio wanaokuja kukuomba, kukulaumu, kukukopa, kukuficha usiku. Msimulizi bila ya jamaa zako hana pa kukushika. Mrudishe dada yake. Asiwe mateka wala asiwe na siri yoyote. Awe anakaa shambani kwa hisani ya yule tajiri, anapika, na anaamini kaka yake atalipa.

Tajiri mwenyewe ni kazi ya msimulizi, lakini mwombe asimfanye mbaya wa kucheka kwa sauti. Mpeleke Pujini, si mbali na Chake Chake, kwenye magofu ya ngome ya karne ya 15 ambayo watu wanaihusisha na Mkama Ndume. Husimuliwa kwamba aliwatesa watu wake mpaka wakabebeshwa mawe ya ujenzi huku wamekaa, wakijiburuza kwa makalio. Na kuna kisima kilichogawanywa kwa ukuta, husemwa ni kwa ajili ya wake zake wawili waliokuwa hawataki kuonana. Mawe yale ni ukatili, sawa, kila mtawala wa hadithi ana ukatili. Mimi kilichonikaa ni kisima. Mtu anayetisha watu wote wa kisiwa, na ndani ya nyumba yake analazimika kujenga ukuta ndani ya maji. Msimulizi wenu akimpa tajiri wa bandarini kitu kimoja cha namna hiyo, mtamwogopa na kumhurumia siku hiyo hiyo.

Umeuliza vipi usiseme kama wewe mwenyewe. Watu hudhani dawa ni kubadilisha sauti. Sauti inachosha, baada ya robo saa koo linauma na wenzako wanacheka. Mpe badala yake desturi moja ya kusema, moja tu. Mganga anayefungua kitabu, kabla hajasema lolote, hukuuliza jina lako na la mama yako. Basi mganga wako asimtibu mtu, asimpe mtu ushauri, asikubali safari na mtu, kabla hajamuuliza jina la mama yake, na kuanzia hapo amwite kwa hilo: mwana wa Mboja, mwana wa Time. Ona faida yake. Wewe kila ukifungua mdomo unakumbushwa kuwa wewe ni nani. Na wenzako, ambao bila shaka nao wamewaua wazazi wa wahusika wao, watalazimika kubuni mama papo hapo mezani. Kuna atakayekataa kulitaja, na kila mtu atataka kujua kwa nini.

Kama una haya ya kusema kwa nafsi ya kwanza, sema tu, "Mganga anakataa, anafunga mkoba wake." Hakuna ubaya wowote. Nimekaa na wachezaji wazuri sana ambao hawajawahi kusema "mimi" hata siku moja, na mhusika unamwona kabisa. Lahaja nayo ni mali, mtu wa Konde hasemi kama mtu wa Mjini na mezani inapendeza, ila muitumie lahaja mnayoimiliki. Mkianza kuigiza lahaja za watu kwa kuwakejeli, mchezo unakuwa kichekesho na haurudi tena.

Yule mwenzenu. Msimcheke na msimbishie mbele ya watu. Mkae pembeni, siku isiyokuwa ya mchezo, mumuulize nini khasa kinachomkera. Kuna anayeogopa kwa dini yake, kuna ambaye nyumbani kwao limewahi kutokea jambo, na huna haki ya kudai akueleze. Mwaka 1995 popobawa alipovuma, kuna watu Pemba na Unguja waliolala nje ya nyumba zao kwa makundi kwa hofu, na wako hai, wengine ndio baba zenu. Kwangu mimi mipaka ni hii: mezani hakusomwi aya wala dua, hakutajwi mashetani wanaojulikana kwa majina yao, hakuigizwi kilinge wala kupandisha. Mganga wako awe tabibu wa miti, na miti yenyewe iwe ya kisiwa chenu cha kubuni. Chukueni Msitu wa Ngezi, miti yake mirefu na popo wake wakubwa, upeni jina jingine, muotesheni humo mzizi unaotoa mwanga. Huwi na upungufu wowote. Na kama baada ya yote hayo bado hataki, basi neno "mganga" liondoke, awe tabibu, na deni, mwiko na dada vibaki vile vile. Urafiki wa watu watano wanaoonana kila Alhamisi ni mgumu kuupata kuliko mhusika.

Kukua, sasa. Vitabu vitakwambia mhusika anakua kwa alama: 300 kufika ngazi ya pili, 900 ya tatu, na ngazi ya nne unaongeza alama mbili kwenye sifa zako, mradi isizidi 20. Hayo ni kweli na yanafurahisha, mie pia hupenda kufuta namba na kuandika kubwa zaidi. Lakini huko ni kuongezeka. Kukua unakuona pale mhusika anapolifanya jambo ambalo mwanzo asingelifanya, na kila mtu mezani anajua kwamba asingelifanya.

Kwenye meza ninayoiendesha Ng'ambo kuna binti anacheza nahodha wa jahazi. Dosari yake aliyoiandika: haachii usukani kwa mtu yeyote. Ilituchosha, nakwambia kweli. Alipigana akiwa ameushika, alikula akiwa ameushika, kuna siku tulimpoteza abiria baharini kwa sababu hakukubali kumwachia mwenzake hata dakika moja akavute kamba. Kisha katika dhoruba moja mkono wake ukavunjwa na foromali. Nikamuuliza, "Unafanya nini?" Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akamgeukia mchezaji mdogo kuliko wote, ambaye mhusika wake ni mpishi na hajui kaskazi wala kusi, akamwambia, "Shika. Usiangalie mawimbi, niangalie mie." Hakukurushwa dadu. Ngazi yake haikupanda siku ile. Lakini dosari ile aliifuta kwenye karatasi kwa mkono wake, na jambo hilo lisingekuwa na uzito kama asingekuwa ametuchosha nayo miezi mingi.

Kwa hiyo usiwe na haraka ya kumponya mganga. Mwache ashindwe kupokea pesa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mkimaliza kucheza, kabla hujalala, andika mstari mmoja nyuma ya karatasi yake: leo kamkatalia nani, kamdanganya nani, kamwonea nani haya. Siku moja utaisoma mistari ile na utaona kuna mahali anaelekea, ambako wewe hukupanga. Mfuate huko, hata kama zile kurasa nane zilisema vingine.

Kurasa saba zilizobaki usizichome. Mpe msimulizi, akukatie humo majina ya vijiji, makaburi na vita, avitumie anapokwama. Usimdai avitumie vyote, wala usimsahihishe mezani akikosea jina la babu.

La mwisho, na hili hukuuliza. Druidi wa ngazi ya kwanza mwenye ustahimilivu 13 ana alama 9 za uhai. Rungu la zimwi likimfikia mara mbili, kwaheri. Mkikubaliana kwamba kifo ni kifo, basi akifa afe, msimtafutie njia za kumrudisha. Deni la mtu aliyekufa halizikwi naye, na upepo wa kusi haumngoji mtu amalize eda. Mwandikie dada yake karatasi yake tangu sasa, uiweke chini ya ya kaka. Yeye ile 16 ningeiweka kwenye haiba.